Wawili Waliosimama

Bendi yetu iliitwa Brain y Bwlch, yaani kunguru wa pengo la mlima. Jina hilo alitupa Mchungaji Rowlands bila kujua. Tulikuwa tukifanyia mazoezi chumba cha nyuma cha kanisa lake pale Blaen Cerwyn, na Jumanne moja akafungua mlango, akaziba masikio, akasema, "Jamani, hata kunguru wa kule pengoni wana adabu kuliko nyinyi." Dyfrig, mpiga dramu wetu, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Siku hiyohiyo akaliandika jina kwa rangi nyeupe kwenye dramu kubwa. Huo ulikuwa mwaka 1974, nami nilikuwa na miaka ishirini na tatu.

Mwimbaji wetu alikuwa Meilir, mtoto wa mchungaji huyohuyo. Gitaa alilijua kiasi, lakini sauti alikuwa nayo. Wanawake wazima walikuwa wakiacha vikombe vya chai vipoe wakimsikiliza. Binamu wa Dyfrig alipiga gitaa la besi na hakuwa mtu wa maneno. Mimi, Heulwen Parri, nilipiga kinubi cha bibi yangu, ambacho Dyfrig alikifunga nyaya na kukiunganisha na amplifaya, kikawa kinanguruma kama mvua juu ya bati.

Tuliimba Kiwelisi tu. Watu wa kampuni moja ya santuri walikuja kutoka London kutusikiliza, wakasema muziki ni mzuri sana, ila maneno yageuzwe yawe Kiingereza ili watu waelewe. Dyfrig akawauliza, "Watu gani?" Akageuka, akaonyesha ukumbi uliokuwa umejaa mpaka milangoni. "Hawa hapa mbona wameelewa?" Jamaa wakapanda gari lao wakaondoka, na sisi tukajiona wafalme.

Maneno hayo yote, kila wimbo, yalitungwa na kaka yangu Ithel.

Ithel alinipita miaka kumi na mitatu. Tangu ana miaka kumi na mitano alifanya kazi katika banda la machimbo, akipasua mawe ya kuezekea paa. Hakusoma zaidi ya shule ya kijiji. Ushairi aliufundishwa na wazee wa banda, ambao wakati wa chai walishindana kwa beti huku sandwichi ziko mapajani. Na ushairi wetu wa kale si wa kubahatisha. Vina na mizani ni mwanzo tu. Konsonanti za nusu ya kwanza ya mstari lazima zirudi katika nusu ya pili, kwa mpangilio uleule, na hairuhusiwi hata moja kupotea njiani. Mjuzi akisikia mstari wenye kosa hushtuka kama mtu aliyesikia sahani ikivunjika jikoni. Ithel hakuwahi kuvunja sahani. Alitunga huku akipasua mawe, akarudi nyumbani na ubeti kamili kichwani, akaniimbia huku anavua viatu.

Nilimwuliza mara nyingi kwa nini hapandi jukwaani nasi.

"Nipande nifanye nini, mdogo wangu?" alisema. "Nikohoe kwa mdundo?"

Alikuwa anakohoa kweli. Vumbi la mawe lilikuwa limemkaa mapafuni kama lilivyomkaa baba yetu, na baba alikufa ana miaka hamsini na moja. Majira ya baridi ya mwaka 1976 daktari alimwachisha kazi. Akawa anashinda karibu na moto, na hapo ndipo alipoandika shairi refu aliloliita "Vumbi", mistari mia mbili na kumi kuhusu wanaume wa lile banda, mmoja mmoja, jinsi walivyocheka, walivyotukanana, na walivyoacha kupumua. Aliponisomea sehemu ya baba, nilitoka nje nikasimama kwenye baridi.

"Lipeleke kwenye Eisteddfod ya wilaya," nilimwambia niliporudi. Eisteddfod ni tamasha letu la mashairi na nyimbo, na mtunzi bora wa mashairi ya sheria hizo za kale hupewa Kiti, kiti halisi cha mti wa mwaloni kilichochongwa, akaitwa malenga mpaka kufa.

"Kiti?" Ithel akacheka, akakohoa. "Hivi tulivyo navyo havinitoshi kukalia?"

Lakini niliona macho yake. Alikitaka.

Sheria za shindano zilitaka shairi lipigwe chapa, nakala tatu, na chini yake iandikwe lakabu tu. Jina la kweli hutiwa katika bahasha iliyofungwa, nayo hufunguliwa baada ya waamuzi kuamua. Ithel alichagua lakabu ya "Kijivu". Taipureta hatukuwa nayo, na vidole vyake viwili havikuwa na ncha tangu ajali ya mwaka 1960. Mchungaji Rowlands alikuwa nayo taipureta. Mimi na Meilir tulikuwa tumechumbiana tangu Krismasi. Kwa hiyo ni mimi niliyelibeba daftari la Ithel, lile pekee, nikalitia mkononi mwa Meilir alipige chapa na kulipeleka shindanoni. Hakuna aliyenituma.

Meilir alilisoma lote amesimama mlangoni. Alipomaliza alikuwa amebadilika rangi. "Heul," akasema, "mtu anaishije na kitu kama hiki kichwani?"

Nilidhani ni sifa. Nilimpenda zaidi siku ile.

Tamasha lilifanyika Jumamosi moja ya Juni mwaka 1977, katika hema kubwa kwenye uwanja wa kijiji cha jirani. Ithel alivaa suti ya marehemu baba. Tulikaa safu ya kumi na moja, karibu na njia, ili akizidiwa na kikohozi aweze kutoka. Meilir alisema atakaa mbele na wanakwaya. Mwamuzi mkuu alikuwa Mwalimu Prydderch, mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyejulikana kwa kunyima Kiti miaka miwili mfululizo kwa sababu hakuna aliyestahili. Alipanda, akavaa miwani, akasema kwamba kwa miaka thelathini ya uamuzi hajawahi kusoma shairi lililomfanya aone haya kwa kuwa hai. "Mshindi ni Kijivu," akasema. "Mwenye lakabu ya Kijivu, na Kijivu peke yake, asimame tarumbeta itakapolia."

Sikumtazama Ithel usoni. Nilitazama mkono wake, ambao ulikuwa umeshika mgongo wa kiti cha mbele. Tarumbeta ikalia. Mkono ukakaza, akaanza kuinuka, polepole, kifua kikimkataza.

Taa ya kumtafuta mshindi ilizunguka hema. Haikuja kwetu. Ilitua safu ya tatu, mahali Meilir alipokuwa amesimama wima, kichwa kimeinuliwa, nywele zimechanwa vizuri. Watu wakapiga makofi mpaka nguzo zikatikisika.

Ithel alikuwa bado amesimama. Mwanamke wa nyuma yetu akamgusa begani. "Kaa chini, Ithel, unatuziba."

Akakaa.

Walimvika Meilir joho la zambarau, wakamsindikiza mpaka jukwaani, wakamweka mbele ya Kiti. Kisha ikafika ile sehemu ambayo kila mtoto wetu anaijua. Upanga mkubwa huinuliwa juu ya kichwa cha malenga, ukachomolewa nusu, na kiongozi wa sherehe akauuliza umma mara tatu, "Kuna amani?" Umma ukijibu "Amani!" mara zote tatu, upanga hurudi alani, naye hukalishwa. Hakuna aliyewahi kujibu vingine, lakini ndiyo maana ya kuuliza. Mwenye neno ana nafasi ya kulisema.

"Kuna amani?"

"Amani!" hema zima likajibu. Mimi nilimtazama Ithel. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kuna amani?"

"Amani!" Nilitazama jukwaani. Nilijiambia ni makosa ya karani, bahasha zimechanganyika, Meilir atasema mwenyewe, sasa hivi atafungua kinywa aseme. Badala yake alikuwa ananitafuta kwa macho, na aliponiona hakuyaondoa. Macho yale yalikuwa yananiomba.

"Kuna amani?"

Nilijibu. Nilijibu kwa sauti kubwa, nikiwa nimeketi bega kwa bega na kaka yangu. "Amani!"

Nilimkuta Meilir nyuma ya hema, bado amevaa joho, anakunywa maji. Dyfrig alikuwa amekwisha kufika kabla yangu.

"Uliandika jina gani kwenye bahasha?" nilimwuliza.

"Heul, tafadhali, usianzie hapa."

"Jina gani?"

Akashusha gilasi. "Fikiria kidogo. Bendi inahitaji malenga mbele, mtu wa kusimama, wa kuonekana. Ithel angefanya nini na Kiti? Hataki watu. Hawezi kusimama hata dakika tano. Shairi lingekufa naye. Mimi nitaliimba nchi nzima."

"Liimbe basi, na jina lake liwe juu," akasema Dyfrig.

"Nilirekebisha mengi humo."

"Mangapi?"

"Mengi. Alama za vituo… mpangilio wa kurasa…"

Dyfrig akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho. "Alama za vituo! Haya, Malenga. Tunga mstari mmoja. Mmoja tu, hapahapa, wa sheria. Nakupa muda mpaka nimalize sigara hii."

"Sina muda wa mambo ya kitoto," Meilir akasema.

"Daftari liko wapi?" nikauliza.

"Sijui. Mama alisafisha chumba."

"Alilitupa?"

"Nyumbani kuna jiko la makaa, Heul. Karatasi huwa zinachomwa. Nimesema sijui."

Dyfrig alimaliza sigara yake, akaikanyaga, akaondoka. Wiki hiyo alikuja kuchukua dramu zake kanisani, na hakupiga tena nasi.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Ithel jikoni anamenya viazi, koti la baba limening'inizwa kwenye kiti. Nilianza kusema, akanikatiza.

"Ulijibu vizuri," akasema. "Mara ya tatu. Niliisikia sauti yako juu ya zote."

Nililia. Nikamwambia twende kwa Mwalimu Prydderch, twende sasa hivi.

"Tukamwambie nini? Mpasua mawe asiye na hata karatasi moja anamshtaki mtoto wa mchungaji? Watasema wivu. Watasema vumbi limepanda kichwani." Akakiangalia kisu. "Na wewe, tukifika huko, utasimama upande gani?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa neno moja, jepesi. Lakini nilichelewa, labda kwa muda wa pumzi mbili, nikimwona Meilir na macho yale.

"Basi," akasema Ithel. "Nilitaka kujua hilo tu." Akarudi kwenye viazi.

Niliolewa na Meilir Septemba. Najua linavyosikika. Nilikuwa na sababu nyingi wakati ule, na zote nimezisahau isipokuwa moja, kwamba nilimtaka. Ithel alikuja harusini na suti ileile, akatuletea sahani sita za bluu, akatoka kabla ya keki.

Santuri ya "Vumbi" ilitoka mwaka uliofuata. Kwenye jalada Meilir alikuwa ameketi kitini, mawe ya machimbo nyuma yake, na chini, "Maneno na sauti: Meilir Rowlands". Tulipata mpiga dramu mwingine kutoka Bangor. Tulipiga kila bonde la Welisi, tukavuka bahari mpaka Bretania ya Ufaransa na Ireland, na kila mahali watu walilia katika sehemu ya baba yangu. Mimi nilikuwa pale na kinubi, mguu mmoja nyuma ya Meilir, nikipiga nyuzi chini ya maneno yale. Watu waliniambia baada ya maonyesho kwamba nimebahatika kulala nyumba moja na akili kama ile.

Nilipokwenda kumwona Ithel tulizungumzia hali ya hewa na kondoo wa jirani. Mara moja nilimwuliza kama anatunga chochote.

"Hapana."

"Hata ubeti?"

"Umpelekee nani?" akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza saa.

Alikufa Februari 1979, ana miaka arobaini na mmoja. Tulimzika Jumatano saa nane mchana, theluji imeganda ukingoni mwa kaburi. Ni desturi yetu malenga kutoa ubeti wa mistari minne kando ya kaburi, na malenga wa wilaya alikuwa shemeji wa marehemu. Watu walimwomba, angekataaje? Siku tatu alijifungia chumbani. Nilimsikia akitembea, akikaa, akitembea. Hakukuwa na mtu wa kumwandikia safari hii.

Aliusoma vizuri. Sauti ile ingeweza kuipamba hata orodha ya mboga. Mistari miwili ikapita salama. Wa tatu ulipofika katikati, konsonanti nne zilikuwa zimetangulia na nne zilipaswa kurudi. Zikarudi tatu.

Wanaume wa banda walikuwa wamesimama upande wa pili wa kaburi, kofia mikononi. Mmoja akainua kichwa. Kisha wa pili. Kisha nikaona kundi zima la wazee, watu wenye vifua vilivyokwisha, wameinua vichwa wanamtazama Meilir, na hakuna aliyekuwa na hasira usoni. Walikuwa kama watu wanaopiga hesabu. Mwalimu Prydderch alifumba macho. Meilir alimaliza mstari wa nne, akakunja karatasi, akainamisha kichwa. Hakujua. Hakuwa amesikia kosa lake mwenyewe.

Baadaye kanisani, kwenye chai na nyama ya nguruwe baridi, Mwalimu Prydderch alinijia na kikombe chake.

"Bibi Rowlands. Mume wako amepoteza konsonanti, mstari wa tatu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kijivu asingeipoteza."

"Asingeipoteza."

Akakizungusha kijiko kikombeni. "Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla upanga haujarudi alani."

"Mimi nilimfundisha Ithel kushika kalamu," akasema. "Nilipaswa kuujua mkono wake hata kwenye taipureta."

Chumba kilikuwa na watu themanini. Alikuwa mtu ambaye akigonga kikombe kwa kijiko, wote wangenyamaza. Nilimngoja. Nilisema moyoni, akisema yeye, nitasema nami, nitaeleza daftari na bahasha na kila kitu. Alitazama upande wa Mchungaji Rowlands, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu na blanketi magotini, kiharusi kimemla upande mmoja.

"Mzee wa watu ni mgonjwa," akasema Mwalimu Prydderch. "Na mazishini si mahali pake." Akaweka kikombe, akachukua kofia, akaenda.

Hapakupatikana mahali pake. Kufikia Jumapili kila mtu aliyeujua ushairi pale kijijini alikuwa anajua, na hakuna aliyesema. Tofauti ilikuwa moja tu. Wazee wa banda, waliokuwa wakimwita Meilir "Malenga" kila walipokutana naye dukani, wakaanza kumwita "Bwana Rowlands". Haki aliyoipata kaka yangu ni hiyo.

Niliondoka kwa Meilir kabla ya majira ya joto kwisha. Siku ya mwisho aliniuliza, kweli kabisa, kama mtu aliyeonewa, "Kwani nimekukosea nini wewe?" Nikamwambia hakuna, mimi na yeye tuko sawasawa. Nilikwenda kwa mhariri wa gazeti letu, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa upole. "Una ushahidi, Bi Parri?" Sikuwa nao. "Ulisema lolote siku ile?" Nilisema amani. "Na ukampigia kinubi miaka miwili, ukiwa mkewe." Akafunga kijitabu chake. Sikuwa na la kumlaumu.

Meilir alihamia Cardiff, akawa mtu wa televisheni. Hakuandika shairi jingine refu. Alipoulizwa alijibu kwamba katika "Vumbi" alitoa yote aliyokuwa nayo, na watu wakamsifu kwa unyenyekevu. Alipokufa, miaka minne iliyopita, redio ilipiga wimbo ule mchana kutwa. Nilizima, nikaenda bustanini.

Mwaka uliofuata alinijia msichana wa chuo kikuu, Non, mwerevu, mwenye macho ya huruma. Alikuwa anaandika kitabu kuhusu bendi za zama zetu. Nilimkaribisha siku mbili, nikamwokea mkate wa zabibu, nikamweleza kama ninavyoeleza sasa, mpaka mashine yake ya kunasa sauti ikaishiwa nafasi. Alinishika mkono wakati wa kuaga. "Hili lazima lijulikane," akasema.

Kitabu kilikuja majira ya kuchipua. Meilir ana sura nzima na picha sita. Chini ya ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, kwa herufi ndogo, imeandikwa: "Jamaa wa mkewe wa zamani hudai kwamba kaka yake alichangia shairi hili. Madai hayo hayajathibitishwa."

Jina lake halimo.

Nilikwenda maktaba ya mji na kalamu ya wino, nikafungua ukurasa ule, nikaandika pembeni, kwa mwandiko wangu bora: Ithel Parri, mpasua mawe, ndiye aliyelitunga lote. Msimamizi aliniona.

"Bi Parri! Hairuhusiwi kuandika kwenye vitabu vya umma."

"Najua," nikamwambia, "ndiyo maana nimeandika polepole."

Nilirudi baada ya wiki kuangalia. Nakala ile walikuwa wameiondoa rafuni na kuweka nyingine, mpya, safi.